Nani kakuita? Safari ya Zangalewa mpaka Waka Waka

Kijana mmoja wa Tandika ameniandikia hivi: "Shikamoo Mwalimu. Waka Waka wa Shakira ndio wimbo wa kwanza niliouweka kichwani nikiwa mtoto. Juzi kijiweni baba yangu mdogo kanibishia, anasema ule si wa Shakira, ni wimbo wa zamani wa vichekesho wa wanajeshi wa Kameruni waliokuwa wakijaza mito tumboni, na yeye aliuimba mchakamchaka kabla mimi sijazaliwa. Ni kweli? Na kama ni kweli, mzaha wa wanajeshi uligeukaje kuwa wimbo wa Kombe la Dunia, na wenyewe waliambulia chochote au waliibiwa?"

Marahaba, mwanangu. Baba yako mdogo hajakosea, hata hiyo mito ilikuwepo. Wimbo wenyewe unaitwa Zangalewa, na uliimbwa na kundi la Golden Sounds la Kameruni mwaka 1986. Wale hawakuwa waigizaji waliovaa magwanda ya kuazima. Walikuwa askari kweli, wa kikosi cha kumlinda rais, na miongoni mwao jina linalotajwa zaidi ni la Jean Paul Zé Bella. Wimbo ulivuma kiasi kwamba kundi likaacha jina lake la kwanza, likaanza kuitwa Zangalewa. Kiitikio unachokijua wewe, kuanzia "zamina mina" mpaka "zangalewa", kilikuwemo tayari, miaka 24 kabla ya Shakira kukiimba. Shakira na mtayarishaji John Hill waliongeza beti za Kiingereza na kuyavalisha mapigo nguo mpya, kisha kundi la Freshlyground la Cape Town likaja na sauti ya Zolani Mahola kwa Kixhosa. Lakini kile kinachokutoka mdomoni ukiwa unaoga ni cha wale askari.

Sasa nikueleze kuhusu vichekesho, kwa sababu sisi wa rika langu hapa Dar tuliupokea wimbo huu nusu. Mwaka 1986 Bara hatukuwa na televisheni. Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973, huku kwetu vituo vya kwanza vilikuja 1994. Tulikuwa na Redio Tanzania na kaseti. Mimi Zangalewa nilikutana nayo Ilala, kwenye kaseti iliyorekodiwa juu ya nyimbo nyingine, ikipita kutoka nyumba moja kwenda nyingine mpaka maandishi ya ubavuni yakafutika. Tuliuimba kwa nguvu, tukapiga miguu chini, na tuliamini kabisa kwamba ni wimbo wa vita. Zamina mina, mkono kichwani, saluti.

Miaka kadhaa baadaye nikaingia kwenye banda la video na kuuona. Wanaume wazima wamevaa magwanda na helmeti za kikoloni. Mbele wamejitengenezea vitambi kwa mito, nyuma wamejitengenezea makalio, na wanacheza makossa, dansi ya Kameruni, huku wakijaribu kupiga gwaride na miili ile isiyokubali amri. Banda zima lilicheka. Nami nilicheka, lakini nakumbuka pia kushtuka, kwa sababu nilikuwa nimeuimba wimbo ule miaka yote bila kujua unamcheka nani. Mzaha wa Zangalewa umekaa mwilini, haumo kwenye sauti. Anayeusikia bila kuuona anapata utamu wote na kukosa kicheko chote. Shika hilo, kwa sababu ndilo lililoufanya usafiri.

Kitambi kile ni cha nani? Kama huku kwetu, Kameruni ilikuwa koloni la Wajerumani, yenyewe tangu 1884, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wafaransa na Waingereza wakaigawana. Wafaransa walikuwa na jeshi lao la Waafrika lililoanzishwa Senegali mwaka 1857, ambalo liliendelea kuitwa la Wasenegali hata lilipojaa watu wa makoloni mengine. Wamepigana vita vyote viwili vikuu chini ya bendera isiyo yao. Golden Sounds walikuwa wakimwigiza askari wa namna hiyo, Mwafrika ndani ya sare ya bwana mkubwa, aliyekula akanenepa, akapata cheo, akaanza kuwaamrisha wenzake. Wapo wanaosema ni kejeli kwa waliomtumikia mkoloni. Wapo wanaosema ni heshima kwa wazee waliopelekwa kufa mbali. Mimi naona zote mbili zimo, na msomaji wa Kiswahili hana haja ya kuchagua, maana sisi tuna neno la jambo hili: utani. Mtani wako unamcheka hadi msibani kwake kwa sababu ni wako. Zé Bella na wenzake walikuwa askari waliowacheka askari. Kicheko kile kingetoka kwa mtu wa nje kingekuwa tusi.

Nenda sasa kwenye neno lenyewe. Zangalewa limetoka kwenye lugha za kusini mwa Kameruni, za jamii ya Wabeti na Wafang, na maana yake inakaribia "nani kakuita?" Yaani, wewe uliyeko hapa ukiteseka na mzigo mgongoni, nani kakuita, nani kakutuma? Zamina mina husemwa ni kumwita mtu aje. Na "waka" ni Kiingereza cha mitaani cha Afrika Magharibi, maana yake tembea. Kamata yote pamoja: njoo, tembea, tembea, kwani nani kakuita? Ni wimbo wa kuruta anayelalamika na mkubwa wake anayemjibu kwamba hakulazimishwa na mtu. Unasikika wa furaha, lakini ndani yake kuna mtu aliyechoka anayedhihakiwa kwa kuchoka kwake, naye anaimba dhihaka hiyo mwenyewe ili hatua zisonge. Watu huniuliza kwa nini nauheshimu hivyo wimbo wa kuchekesha. Ni kwa sababu hiyo.

Wewe wa Tandika uliposikia "waka waka" ulisikia nini? Bila shaka ulisikia moto, taa, jiko la mkaa linalokubali. Watoto wa Dar wa mwaka 2010 waliliimba neno hilo kama amri kwa uwanja uwake, na hakuna aliyewaambia vinginevyo. Sikioni mwangu hilo si kosa hata kidogo. Angalia silabi zake: za-mi-na-mi-na, wa-ka-wa-ka, za-nga-le-wa. Kila silabi inaishia kwenye irabu, kama Kiswahili chetu. Mtoto wa Mbagala hahitaji kujifunza kuitamka, ulimi unaifahamu tayari. Ndiyo maana wimbo ule haukuonekana mgeni hapa, wala kwa skauti, wala kwa mashabiki wa mpira, wala kwa wanafunzi wanaokimbia alfajiri.

Kuhusu huo mchakamchaka wa baba yako mdogo, tusiupite haraka. Nchi hii ina historia ndefu ya kugeuza jeshi kuwa ngoma. Ilipokuja ngoma ya beni, ikashuka pwani kutoka Lamu na Mombasa mpaka Tanga na Dar es Salaam, watu walijigawa vyama, Marini upande huu na Arinoti upande ule. Wakavaa sare, wakapeana vyeo, wakapiga gwaride kwa tarumbeta na ngoma kubwa. Mzungu aliyetazama alidhani anaigwa kwa sababu anapendwa. Wachezaji walikuwa na yao: ushindani wa mitaa, umaridadi, na utani mkali uliofunikwa na saluti. Vita Kuu ya Kwanza iliibeba beni hadi bara ndani kabisa, pamoja na askari na wapagazi. Jina la Kariakoo lenyewe limetokana na Carrier Corps, yaani kikosi hicho cha wapagazi. Ukipita kwenye Sanamu ya Askari pale katikati ya mji, iliyozinduliwa mwaka 1927, soma maandishi yake ya Kiswahili: wapagazi wanatajwa kuwa miguu na mikono ya jeshi. Zanzibar beni hupigwa harusini mpaka leo, na bibi harusi hafikirii vita.

Kisha tukapata mchakamchaka wa shule, wenye nyimbo zake za kumzomea Idi Amin baada ya vita vya Kagera. Watoto wa darasa la tatu, tumbo tupu, saa kumi na mbili asubuhi, wanaimba kifo cha dikteta huku wakicheka. Zangalewa ilipotua katikati ya mambo hayo ilikuta kiti chake kimeshawekwa. Ina mwendo wa mguu, ina mwitaji na waitikiaji, haichoshi pumzi. Wimbo mzito wenye mashairi marefu ungekufa kwenye mzunguko wa pili wa uwanja.

Ulivuka bahari vipi? Hapa pana kipande ninachokipenda kuliko vyote. Pwani ya Kolombia, upande wa Karibi, kwenye miji ya Cartagena na Barranquilla, kuna utamaduni wa mitambo mikubwa ya muziki ya mitaani, spika ndefu kuliko mtu, zimechorwa rangi za kuwaka, huitwa picó. Wenye mitambo hiyo walikuwa wakishindana kwa santuri za Afrika: muziki wa Kongo, wa Nijeria, wa Kameruni. Aliyepata sahani ambayo jirani hana ndiye mfalme wa wiki hiyo, kwa hiyo wengine walikwangua hata lebo ya santuri ili jina la mwimbaji lisionekane. Watu wakacheza wasijue wanamcheza nani, wakazipa nyimbo majina yao wenyewe. Zangalewa ilifika huko, ikapendwa, ikapewa jina la mambo ya kijeshi. Katika Jamhuri ya Dominika nako kundi la wanawake la merengue, Las Chicas del Can, liliurekodi kwa beti za Kihispania juu ya kiitikio kilekile. Shakira alizaliwa Barranquilla mwaka 1977. Wimbo ulipotoka Kameruni alikuwa na miaka tisa, katika mji wenye spika hizo.

Umeona kinachotokea? Kila kituo kilishusha abiria. Kwanza zilishuka picha, zikashuka na mito na vitambi. Kisha ikashuka lugha, na lile swali la "nani kakuita" likawa sauti tu. Kisha likakwanguliwa jina la wenyewe. Kilichobaki garini ni kiitikio na miguu. Na kitu kilichobaki na kiitikio na miguu peke yake ndicho hasa mtayarishaji wa muziki wa kimataifa anachokitafuta, kwa sababu hakimbagui msikilizaji yeyote. Wimbo wa mapenzi unakudai uujue moyo wa mwimbaji. Wimbo wa siasa unakudai uijue nchi yake. Mzaha uliopoteza mlengwa wake haukudai lolote.

Kameruni, kwa kweli, ilishapitia njia hii. Mwaka 1972 nchi hiyo ilikuwa mwenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika, na Manu Dibango akatunga wimbo wa mashindano. Upande wa pili wa sahani ile aliweka Soul Makossa, akilichezea neno makossa kama mtu mwenye kigugumizi cha makusudi. Wimbo wa mashindano umesahaulika. Kigugumizi kikaenda Marekani, na mwaka 1982 Michael Jackson akakiweka kwenye albamu ya Thriller bila kuomba. Dibango alidai, wakamalizana nje ya mahakama. Mpira, mchezo wa maneno, kisha dunia nzima, katika nchi ileile mara mbili.

Ikaja 2010, Kombe la Dunia la kwanza katika ardhi ya Afrika. Nakumbuka wiki ile hapa mjini kuliko sikukuu nyingi. Juni 7 Brazil walicheza na Taifa Stars Uwanja wa Taifa, ambao sasa unaitwa wa Benjamin Mkapa. Walitufunga 5-1, na goli letu moja la Jabir Aziz tulilishangilia kama kikombe. Jioni nikiwa ndani ya daladala ya Mbagala, kondakta aliongeza sauti ya redio na gari lote likaitikia waka waka, wazee kwa watoto. Siku tatu baadaye Shakira aliuimba kwenye tamasha la ufunguzi Soweto, na Julai 11 akauimba tena Soccer City siku ya fainali. Video yake imeshatazamwa zaidi ya mara bilioni 3 kwenye YouTube.

Wapo Waafrika Kusini waliolalamika waziwazi wakati ule: mashindano ya Afrika, kwa nini wimbo rasmi aimbe Mkolombia? Nilikuwa upande wao, na bado niko upande wao kwa sehemu. Lakini walioujua wimbo wa zamani walikuwa na lalamiko zito zaidi, nalo ndilo ulilouliza: wenye wimbo wako wapi?

Nakujibu bila kuzunguka. Kiitikio kilichukuliwa, wenyewe wakasikika baadaye. Kulikuwa na mazungumzo, makubaliano yakafikiwa nje ya mahakama, na leo Golden Sounds wamo kwenye orodha ya watunzi pamoja na Shakira na John Hill. Kwa hiyo neno "waliibiwa" halitoshi na neno "walilipwa" halitoshi pia. Kinachoniuma ni mpangilio: wimbo ulianza safari, kisha ndipo ukatafutiwa wazazi. Ulipaswa kuanza kwa barua kwenda Kameruni, kabla ya kinasa sauti kuwashwa.

Linganisha na Solomon Linda wa Afrika Kusini, aliyerekodi Mbube mwaka 1939 na kuiuza kwa shilingi 10. Wimbo huo ukawa The Lion Sleeps Tonight, ukashika namba moja Marekani mwaka 1961, na mwaka uliofuata Linda akafa maskini. Familia yake ilisubiri hadi 2006 kufikia makubaliano. Zé Bella na wenzake walikuwa hai, walikuwa na jina, na intaneti ilikuwepo: mtu yeyote aliweza kuweka video ya mito karibu na video ya Shakira na kulinganisha kwa masikio yake. Hilo liliwasaidia kuliko wema wa mtu yeyote.

Utasikia hoja kwamba Golden Sounds nao waliuokota wimbo kwa askari wa zamani, hivyo ni mali ya wote. Siikubali hoja hiyo inapotumika kumnyima mtu haki yake. Ni kweli walirithi maneno ya kambini. Lakini waliyapa umbo, sauti, makossa na vitambi, na umbo hilo ndilo lililofika Kolombia. Hata sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Ukiwa na kikundi cha singeli hapo Tandika na ukapenda kipande cha taarabu ya zamani, tafuta mwenyewe kwanza. Diamond Platnumz na Rayvanny walipotoa Salome mwaka 2016, mji mzima ulijua imejengwa juu ya Maria Salome ya Saida Karoli, na jina la mama yule likarudi midomoni mwa watu. Hivyo ndivyo ninavyotaka ukopaji uwe, jina la mwenyewe liwe linasikika humohumo ndani ya wimbo mpya.

Nina jambo moja la mwisho, nalo si la vitabuni. Mtaa wetu Ilala alikuwepo mzee aliyewahi kuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, na alipigana Burma. Mwaka ule wa 2010 alikuwa anakaa kibarazani kwa mwanawe, macho yamefifia, na watoto wa jirani walikuwa wakipiga Waka Waka kutwa. Akaniuliza hawa wanaimba nini. Nikamwambia, babu, ni wimbo wa askari wa Kameruni, neno lile la mwisho maana yake "nani kakuita?" Alinyamaza kidogo. Kisha akaanza kugonga mkongojo sakafuni, taratibu, kwa mwendo wa gwaride, akaimba wimbo wao wa Keya, ule wa kufunga safari, ambao nao una swali lake katikati: amri ya nani? Akajijibu mwenyewe: amri ya Bwana Kapteni. Alirudia mara tatu, swali na jibu, swali na jibu. Wale watoto wakapunguza redio, wakasogea kibarazani, na aliporudi kwenye "amri ya nani" kwa mara ya nne, wakamwitikia.